Redio za ridhaa Pwani Kusini: Jinsi ya kuzuia nguvu zisipotelee kwenye kebo

MWANAREDIO wa ridhaa aliye Msambweni anaweza kununua mtambo wa wati 50, akasimamisha antena juu ya mlingoti unaoishinda minazi ya jirani, na bado asisikike vyema Mombasa. Akitazama mita ya redio yake, anaambiwa kuwa mambo ni shwari. Kumbe zaidi ya thuluthi mbili ya nguvu alizozigharimia zinaishia kuipasha joto kebo inayopanda mlingotini.

Kosa hili huwakumba wengi. Hushughulikia redio na antena, wakaisahau njia inayoviunganisha. Katika ufuo wa Kwale, kuanzia Tiwi na Diani hadi Msambweni, Shimoni na Vanga, kosa hilo huwa ghali zaidi kwa sababu ya hewa ya chumvi, unyevu na jua kali.

Redio ya ridhaa ni huduma ya watu wenye leseni wanaowasiliana kwa mitambo yao wenyewe pasipo malipo, kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kusaidia wakati wa dharura. Nchini Kenya leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na alama za vituo huanza kwa 5Z4. Kabla ya uhuru zilianza kwa VQ4.

Umuhimu wa huduma hiyo ulidhihirika katika Bahari ya Hindi mnamo Desemba 26, 2004, siku ya tsunami. Huko Port Blair, katika visiwa vya Andaman, kulikuwa na kikundi cha wanaredio wa ridhaa kutoka India kikiongozwa na Bi Bharathi Prasad. Walikuwa wamekwenda kwa shughuli ya kawaida ya mawasiliano, lakini mitambo yao ikageuka kuwa njia ya kupeleka habari za walionusurika na mahitaji ya misaada baada ya simu kukatika.

Pwani ya Kenya nayo si ngeni kwa mikasa. Mafuriko ya mvua za El Niño mwishoni mwa 2023 yaliathiri kaunti za Pwani, Kwale ikiwemo. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za mawasiliano za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari na kuvuruga intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hizo, wati moja inayofika hewani ina thamani kuliko kumi zinazopotelea njiani.

NGUVU HUPOTEA VIPI?

Kebo inayotumiwa na wengi ni ile ya duara, yenye waya mmoja katikati, plastiki inayouzunguka, wavu wa shaba juu yake na gamba jeusi la nje. Muundo huo si mpya. Mwingereza Oliver Heaviside aliupatia hataza mwaka 1880.

Mawimbi yanapopita ndani ya kebo, sehemu ya nguvu hugeuka joto katika shaba na katika plastiki. Upotevu huo hutegemea mambo matatu: unene na ubora wa kebo, urefu wake, na masafa yanayotumika. Kadiri masafa yanavyopanda, ndivyo upotevu unavyoongezeka.

Kipimo chake ni desibeli. Anayeanza akumbuke mambo mawili tu. Upotevu wa desibeli 3 maana yake nusu ya nguvu imetoweka. Upotevu wa desibeli 10 maana yake imebaki sehemu moja kati ya kumi.

Tuchukue kebo ya mita 30, urefu wa kawaida kwa nyumba ambayo mlingoti wake uko uani. Kwenye masafa ya megahezi 14, kebo nyembamba aina ya RG-58 hupoteza takriban desibeli 1.5. Kati ya wati 100, takriban 70 hufika kwenye antena. Kebo nene aina ya RG-213 hupoteza takriban desibeli 0.7, na wati 85 hufika.

Tofauti hiyo ni ndogo. Anayesikiliza ng'ambo hataitambua kwa urahisi, kwa kuwa hatua moja ya mita ya usikivu huhesabiwa kuwa desibeli 6. Kwa hivyo anayetumia masafa ya chini hana haja ya kukopa ili anunue kebo ya bei ghali.

Mambo hubadilika kwenye megahezi 145, masafa yanayotumiwa kwa mawasiliano ya karibu. Hapo mita 30 za RG-58 hupoteza desibeli 5 hadi 6. Kati ya wati 50, takriban 14 tu ndizo zinazofika juu. Kwa RG-213 hufika takriban 27, na kwa kebo ya upotevu mdogo kama LMR-400 hufika takriban 35. Kwenye megahezi 430 hasara huwa kubwa zaidi.

Isitoshe, hasara hiyo hutokea pia wakati wa kupokea. Katika masafa ya chini, kelele za angani ni nyingi kiasi kwamba kebo hafifu haiharibu sana usikivu, maana kelele na sauti hupungua pamoja. Katika masafa ya juu, kelele za nje ni chache, na kila desibeli inayopotea inamzamisha mtu anayeita kwa redio ndogo ya mkononi.

KEBO YA DISHI

Si kila fundi wa Ukunda au Kwale mjini atakayepata kebo za wanaredio dukani. Lakini kebo ya dishi la televisheni aina ya RG-6 hupatikana kwa urahisi. Kebo hiyo ni ya omu 75, ilhali redio nyingi za ridhaa hutarajia omu 50.

Wengi huikataa kwa sababu hiyo, lakini hofu yao imepita kiasi. Tofauti ya omu 75 na 50 huleta uwiano wa 1.5 tu, na asilimia 4 pekee ya nguvu ndiyo inayorudishwa. Kwenye megahezi 145, RG-6 nzuri hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia kile cha RG-213, na huishinda RG-58 kwa mbali.

Hata hivyo, ina dosari zake. Wavu wake aghalabu ni wa alumini, ambao haulehemiki kwa urahisi na huliwa upesi na chumvi. Waya wa kati mara nyingi ni chuma kilichopakwa shaba, jambo linaloongeza upotevu kwenye masafa ya chini kabisa. Anayeitumia karibu na bahari ajue kuwa ataibadilisha mapema.

MITA INAPODANGANYA

Antena na kebo zisipooana, sehemu ya nguvu hugonga mwisho wa kebo na kurudi. Mawimbi yanayokwenda na yanayorudi hukutana na kufanya mawimbi yaliyosimama, na kipimo chake ndicho mafundi wanachokiita SWR. Kipimo cha 1 maana yake hakuna kinachorudi. Kwenye 2 hurudi asilimia 11, na kwenye 3 hurudi asilimia 25.

Wanaredio wengi huiamini mita hiyo kama dira. Ikisoma chini ya 2, wanaridhika. Lakini mita iliyo mezani haipimi antena. Hupima antena kupitia kebo, na kebo mbovu huficha maovu ya antena.

Sababu ni rahisi. Nguvu hupungua zikipanda. Zinazorudi nazo hupungua tena zikishuka. Mita huona kidogo kinachorejea na kudhani antena imekipokea kingine chote.

Mathalani, antena iliyoharibika hadi uwiano wake ukawa 3, ikiwa juu ya ile kebo ya RG-58 ya mita 30 kwenye megahezi 145, itasomeka mezani takriban 1.3. Fundi atasema antena ni safi kabisa. La kushangaza zaidi, upepo ukiiangusha antena na kebo ikabaki inaning'inia wazi, mita itasoma takriban 1.8. Mwenye redio ataendelea kuita, naye hana antena.

Kwa hivyo uwiano mdogo si ushahidi wa antena nzuri. Ikiwa kipimo kilikuwa 1.6 wakati kebo ilipokuwa mpya, na baada ya misimu miwili kimeshuka hadi 1.2 bila mtu kuigusa antena, hiyo si baraka. Huenda kebo imeingia maji.

JINSI YA KUIPIMA KEBO

Kuna njia rahisi ya kubaini upotevu. Kebo ifunguliwe kwenye antena na mwisho wake uachwe wazi. Kisha mwisho wa mezani upimwe kwa kifaa chenye nguvu ndogo, kama vile NanoVNA, chombo kidogo kilichoenea miongoni mwa wanaredio kwa bei nafuu. Redio yenyewe isitumiwe kurusha kwa nguvu kamili katika hali hiyo, kwani inaweza kuungua.

Kebo kamilifu ingerudisha nguvu zote, na uwiano ungekuwa mkubwa kupita kiasi. Kadiri uwiano unavyosomeka mdogo, ndivyo kebo inavyokula nguvu. Uwiano wa 9 maana yake upotevu ni takriban desibeli 1. Uwiano wa 6 ni desibeli 1.5. Uwiano wa 3 ni desibeli 3, yaani nusu ya nguvu. Uwiano wa 2 ni karibu desibeli 5.

Kipimo hiki kifanywe siku kebo inaponunuliwa na kiandikwe daftarini pamoja na masafa yaliyotumika. Kila mwaka kirudiwe kwenye masafa yale yale. Upotevu ukipanda, kebo ina ugonjwa, hata kama gamba lake linang'aa.

CHUMVI, KUSI NA MASIKA

Pwani Kusini ina adui ambaye wanaredio wa Nairobi hawamjui. Upepo wa kusi huvuma kutoka baharini na kubeba chembechembe za chumvi. Masika huleta mvua juu ya chumvi hiyo. Maji yakipata tundu dogo kwenye kiungio, hupanda ndani ya wavu wa shaba kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi.

Shaba iliyoingiwa na maji hayo hugeuka nyeusi au kijani. Umeme wa betri bado utapita, na mita ya kawaida ya fundi itasema waya haujakatika. Lakini mawimbi ya redio, ambayo husafiri kwenye ngozi ya nje ya shaba, hukuta njia imeharibika.

Viungio vya PL-259 vinavyotumika sana havizuii maji. Vinapaswa kufungwa kwanza kwa utepe wa mpira unaojishikamanisha, kisha juu yake utepe wa kawaida wa plastiki unaoukinga dhidi ya jua. Utepe wa plastiki peke yake hulegea kwa joto. Viungio aina ya N vina mpira ndani na hufaa zaidi nje ya nyumba, ijapokuwa navyo hufungwa.

Kabla ya kuingia nyumbani, kebo ipindwe kuelekea chini ili kufanya kitanzi, na maji yadondokee hapo badala ya kuufuata waya hadi kwenye redio. Skrubu na boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Alumini na shaba zisigusane moja kwa moja, kwa sababu metali hizo mbili zikikutana penye chumvi, alumini huliwa.

Wakati mwafaka wa ukaguzi ni kabla ya masika, wakati kaskazi ingali inavuma na anga ni kavu. Penye mashaka, kiungio kikatwe na kipya kiwekwe. Kebo iliyopanda maji haianikwi ikapona. Hutupwa.

KUOANISHA ANTENA YENYEWE

Kebo ikishakuwa salama, ndipo antena hushughulikiwa. Antena rahisi kuliko zote ni ile ya nyaya mbili zilizonyooshwa na kebo kufungwa katikati. Urefu wake wote kwa mita hupatikana kwa kugawa 143 kwa masafa ya megahezi. Kwa megahezi 7.1 jibu ni takriban mita 20.1, yaani kama mita 10 kila upande.

Waya ukatwe mrefu kidogo, upandishwe, kisha upimwe. Ikiwa kipimo bora kimeangukia chini ya masafa yanayotakiwa, waya ni mrefu na unapunguzwa kidogo kidogo pande zote mbili. Kikiwa juu, waya ni mfupi. Ncha zikishushwa kama paa la nyumba, ukinzani wa antena hukaribia omu 50.

Antena hiyo ikitundikwa baina ya minazi miwili, mita 5 hadi 10 kutoka ardhini, hurusha mawimbi yake mengi juu angani, ambako hurudishwa chini. Hufaa mchana kwa mazungumzo ya Kwale na Nairobi, umbali unaozidi kilomita 400. Waya usifungwe wima na kukazwa, kwani mnazi huyumba. Upande mmoja upitishwe kwenye kapi na kuning'inizwa uzito. Kwa vyovyote vile usipite karibu na nyaya za umeme.

Katikati ya antena panahitajika kifaa kiitwacho baluni, ambacho huzuia mawimbi yasishuke kwa nje ya kebo na kuingia chumbani. Njia nafuu ni kupitisha kebo mara kadhaa ndani ya pete ya feraiti. Bila hicho, kebo yenyewe huwa sehemu ya antena, vipimo hubadilika kila inaposogezwa, na kelele za taa na chaja za nyumbani huingia redioni.

UFUO WA DIANI NA ANTENA YA WIMA

Kwa masafa ya mbali, kama vile Oman, India au Ulaya, antena ya wima iliyo karibu na maji ya bahari ni hazina. Maji ya chumvi hupitisha umeme maelfu ya mara kuliko mchanga mkavu, na mawimbi huondoka yakiwa chini karibu na upeo wa bahari.

Mchanga na mawe ya matumbawe ya Diani, kinyume chake, ni ardhi duni kwa redio. Antena ya wima huhitaji nyaya zilizotandazwa chini yake, na hapa mita hudanganya kwa mara ya pili. Antena hiyo ikiwa na ardhi kamilifu huwa na omu 36 hivi, na uwiano wake ni 1.4. Ardhi mbovu ikiongeza omu 14 za hasara, jumla huwa 50 na mita husoma 1 kamili. Mwenye antena hufurahi, ilhali asilimia 28 ya nguvu zake inaupasha joto mchanga.

Akiongeza nyaya za ardhini, kipimo kitapanda kuelekea 1.4 na mawimbi yatakwenda mbali zaidi. Huyo ndiye mwanaredio anayepaswa kufurahi. Pia apime maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamepwa, kwani Diani bahari hurudi nyuma sana kuelekea mwamba.

TYUNA IWEKWE WAPI?

Wengi hudhani tyuna hutibu kila kitu. Ikiwekwa kando ya redio, tyuna huifanya redio ione omu 50 na irushe bila kulalamika. Haibadilishi chochote kati yake na antena. Nguvu huendelea kwenda na kurudi ndani ya kebo, na kila safari hulipiwa.

Uwiano wa 3 kwenye kebo nzuri ya masafa ya chini si janga. RG-213 ya mita 30 kwenye megahezi 14 huongeza hasara ya takriban desibeli 0.4 tu. Lakini antena ya megahezi 7 ikilazimishwa kufanya kazi kwenye megahezi 14 kwa RG-58, uwiano hupanda hadi makumi kadhaa, na kati ya wati 100 huenda zisifike juu hata 10. Tyuna mezani itaonyesha 1.

Dawa ni moja kati ya tatu. Tyuna ihamishiwe kwenye antena. Au kila masafa yawe na nyaya zake zilizofungwa kwenye kebo moja. Au kebo ya duara iachwe na badala yake ziwekwe nyaya mbili sambamba zilizo wazi, ambazo hata uwiano ukiwa mkubwa hupoteza chini ya desibeli 1 katika hali hiyo. Nyaya hizo zikae mbali na mabati, na vitenganishi vyake vioshwe chumvi.

MILIMA YA SHIMBA

Kwa masafa ya juu, kimo ni mali. Antena iliyo mita 10 juu ya usawa wa bahari huona upeo wa kilomita 13 hivi. Iliyo mita 400, kimo kinachopatikana upande wa Kwale mjini, huona kilomita 80. Lakini kupandisha mlingoti maradufu pasipo kubadilisha kebo kunaweza kuipokonya antena ilichokipata. Kebo bora huenda pamoja na kimo.

MASIKIO KAMA KIPIMO

Mwanaredio asiye na vifaa vya bei anaweza kutumia mtandao wa vituo 18 vya majaribio ulimwenguni kwenye megahezi 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200. Alama ya kituo cha Kenya ni 5Z4B. Vingine ni VR2B cha Hong Kong, 4S7B cha Sri Lanka na ZS6DN cha Afrika Kusini, ingawa si vyote huwa hewani kila wakati.

Kila kituo hupata sekunde 10 katika mzunguko wa dakika 3. Hutaja alama yake, kisha hutoa mlio wa wati 100, ukifuatwa na wati 10, wati 1 na sehemu ya kumi ya wati. Kila hatua ni desibeli 10. Aliyezoea kusikia mlio wa wati 1 kutoka Sri Lanka, kisha baada ya masika akabaki na ule wa wati 100 tu kwa siku nyingi mfululizo, hali wenzake wa jirani wanausikia wote, anajua pa kuanzia. Achukue ngazi, apande mlingoti, na afungue kiungio cha kwanza.